Nyumba ya Mkate Iliyogeuka Neno la Fujo



Jioni hii twataka kuwaeleza habari za neno moja la Kiingereza. Si neno refu, wala si neno la wataalamu peke yao; lina silabi mbili tu, na hata mtoto wa shule aweza kulitamka. Neno lenyewe ni bedlam. Mwingereza akiingia mahali penye makelele, watu wote wakinena kwa pamoja na hapana amsikilizaye mwenzake, husema kwamba pale pana bedlam. Sisi kwa Kiswahili tungesema zogo, au ghasia, au fujo isiyo kichwa wala miguu.

Tulilikuta neno hili katika kitabu cha kusomea, katika chuo cha walimu tunakofundisha. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza, "Mwalimu, neno hili limetoka wapi?" Tukamjibu kwamba maana yake ni fujo. Akasema kwa adabu, "Maana yake nimekwisha kuiona katika kamusi, Mwalimu. Ninaloliuliza ni asili yake." Tukaona haya kidogo, kwa kuwa jibu hatukuwa nalo, tukamwomba atungoje mpaka kesho. Usiku ule tukafungua vitabu, tukatafuta, na tulipoipata asili ya neno, usingizi ukatuacha. Kwani neno hili la fujo ni jina la mji tuliousikia tangu utoto wetu. Ni jina la Bethlehemu.

Si jambo geni jina la mahali kugeuka kuwa neno la kila siku. Bibi zetu walivaa merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa pwani yetu na majahazi ya Wamarekani katika karne ya 19; jina la nchi likawa jina la nguo. Waingereza nao wana kitambaa cha pamba wakiitacho calico, kwa sababu zamani kilipakiwa katika bandari ya Calicut, pwani ya Bara Hindi. Katika maneno ya namna hiyo njia ni nyepesi kuiona: kitu kimetoka mahali, kikaja na jina la kwao. Lakini kutoka Bethlehemu hadi fujo ni mwendo mrefu zaidi, wala hapana chombo kilichopakia fujo kule kikaishusha London. Basi na tuufuate mwendo huo hatua kwa hatua.

Kwanza jina lenyewe. Kwa Kiebrania, Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate. Waarabu huuita mji huo Bait Lahm, na kwa lugha yao hiyo ni nyumba ya nyama. Neno hilo bait si geni kwetu, maana ndilo lililotupa ubeti wa shairi. Waarabu hulitumia kwa nyumba wakaayo watu, na tena kwa mstari wa shairi. Iwe mkate au iwe nyama, jina hili ni la nyumba yenye chakula, nyumba ambayo mwenye njaa akibisha hodi hujibiwa karibu.

Katika mwaka wa 1247 alikuwako London mtu mmoja mwenye cheo, jina lake Simon FitzMary. Mtu huyu akatoa kiwanja chake nje ya ukuta wa mji, karibu na lango liitwalo Bishopsgate, akakiweka kuwa mali ya Kanisa la Bethlehemu, ili ijengwe hapo nyumba ya watawa. Watawa hao walipasika kuvaa nguo yenye alama ya nyota, kwa ukumbusho wa ile nyota ya Bethlehemu. Kazi yao ilikuwa kusali, kukusanya sadaka, na kuwapokea askofu wa Bethlehemu na watu wake watakapofika Uingereza. Leo mahali pale pana kituo kikubwa cha reli, kiitwacho Liverpool Street, na maelfu ya watu hupita juu ya kiwanja kile asubuhi na jioni.

Kadiri miaka ilivyopita, nyumba ile ikaanza kuwapokea maskini na wagonjwa, na kufikia mwaka wa 1330 ikawa yaitwa hospitali. Msidhani kwamba palikuwa na dawa nyingi na vitanda vyeupe. Hospitali ya siku zile ilikuwa mahali pa kumsitiri asiye na pa kulala. Katika mwaka wa 1403 wakaja wakaguzi waliotumwa kwa amri ya mfalme, kwa sababu habari mbaya zilikuwa zimesikiwa juu ya bawabu wa nyumba, kwamba amejinufaisha kwa mali isiyo yake. Wakaguzi wakaandika kila walichokiona. Waliwaona humo wanaume sita waliopotewa na akili. Kisha wakahesabu vyombo: pingu jozi nne, minyororo kumi na mmoja, makufuli sita, na mikatale miwili ya kufungia miguu.

Wasikilizaji, tulipoisoma hesabu hiyo tulisimama kidogo. Wagonjwa sita, na minyororo kumi na mmoja. Nyumba iliyojengwa kwa jina la mkate, na watawa wake wakavaa nyota, ilikuwa imekwisha kuwa nyumba ya chuma. Wala hatusemi kwamba watu wale walikuwa wabaya kupita wote. Wakati ule walio wengi walidhani kwamba mtu akipotewa na akili hana budi kufungwa, asije akajidhuru au akawadhuru wengine. Hata katika nchi zetu kamba na gogo vimetumika kwa sababu iyo hiyo. Twasema tu kwamba hapo ndipo jina lilipoanza kugeuka.

Ulimi hupenda njia ya mkato. Watu wa London hawakuweza kusema Bethlehem kwa ukamilifu kila siku. Wakafupisha wakasema Bethlem, kisha wakasema Bedlem, na mwisho Bedlam. Jina lilipokwisha kubadilika sauti, likabadilika maana pia. Kwanza lilikuwa jina la nyumba ile peke yake. Kisha likawa jina la mtu: mwenda wazimu aliitwa bedlam, na waombaji waliozunguka njiani wakisema kwamba wametoka katika nyumba ile waliitwa Tom wa Bedlam. Mshairi Shakespeare alimtumia mtu wa namna hiyo katika mchezo wake wa King Lear, alioutunga mnamo mwaka wa 1606. Humo kijana wa ukoo bora, aliyesingiziwa na nduguye, huvaa matambara na kujifanya Tom ili asikamatwe. Baadaye neno likawa jina la nyumba yoyote ya wendawazimu. Na katika karne ya 17 likapata maana yake ya leo: makelele na fujo.

Lakini fujo ya nani? Hilo ndilo swali lililotunyima usingizi, na jibu lake lapatikana katika nyumba ya pili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa imechakaa na kuwa ndogo. Basi katika mwaka wa 1676 hospitali ikahamishiwa mahali paitwapo Moorfields, katika jengo jipya lililobuniwa na Robert Hooke, mtu mashuhuri kwa elimu ya maumbile. Jengo lile lilikuwa na urefu wa futi 540, na mbele yake palipambwa kama jumba la kifalme. Juu ya lango ziliwekwa sanamu mbili za mawe, kazi ya mchongaji Caius Gabriel Cibber: moja ya mtu aliyezama katika huzuni, na ya pili ya mtu mwenye wazimu mkali, aliyefungwa minyororo. Mpita njia alisimama akastaajabu. Lakini jengo lilikuwa limejengwa juu ya handaki la kale la mji, lililojazwa takataka, na baada ya miaka kuta zake zikaanza kupasuka na kutitia. Uzuri ulikuwa usoni, na chini palikuwa hapana msingi.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ndani. Wasimamizi walihitaji fedha za kuiendesha nyumba, wakaweka sanduku la sadaka mlangoni, wakawaruhusu watu kuingia kuwatazama wagonjwa. Nia yao yamkini ilikuwa njema: walidhani kwamba mwenye kuona shida ya mwenziwe ataona huruma na kutoa. Na kweli wako waliokuja kwa huruma. Lakini wengi walikuja kama waendao ngomani. Siku za sikukuu, Pasaka na Krismasi, umati ulijaa katika zile kumbi ndefu. Watu walicheka, waliwachokoza wagonjwa ili wapate kuwaona wakikasirika, na wagonjwa walipopiga kelele, wenye kuwachokoza walifurahi kwamba safari yao haikuwa bure. Mchoraji William Hogarth, katika picha zake mashuhuri zilizochapwa mwaka wa 1735, alionyesha kijana mpotevu aliyeishia Bedlam, amelala chini nusu uchi. Na nyuma yake wamesimama mabibi wawili waliovaa nguo za fahari, wamekuja kutazama.

Sasa twaweza kujibu. Neno bedlam halituambii sana habari za wagonjwa. Mgonjwa hakutoka chumbani mwake kwenda sokoni kuomba atazamwe. Waliolitangaza jina la nyumba ile katika mji mzima ni wale walioingia, wakacheka, wakarudi kusimulia. Fujo waliyoisimulia ilikuwa nusu yake ni yao wenyewe. Neno ni kama alama ya mguu katika matope: aliyepita amekwisha kwenda zake, lakini mguu wake waonekana.

Katika mwaka wa 1770 wasimamizi wakakomesha jambo lile. Tangu hapo hapana aliyeruhusiwa kuingia ila kwa hati maalumu. Twadhani kila msikilizaji atasema, "Vyema, mambo yamekwisha." La, hayakwisha. Mlango uliwafungia nje wenye kucheka, lakini pia uliwafungia nje wenye macho ya huruma, na yaliyotendeka ndani hayakuwa na shahidi.

Ilipofika mwaka wa 1814, mtu mmoja jina lake Edward Wakefield, aliyeshughulikia hali za wagonjwa wa akili, aliingia Bedlam pamoja na wenzake. Huko wakamkuta mtu aitwaye James Norris, baharia Mmarekani. Shingoni alikuwa na pete nene ya chuma, na pete ile imeungwa kwa mnyororo na nguzo ya chuma; kiwiliwili chake na mikono yake vimebanwa kwa vyuma, hata hakuweza kuondoka penye nguzo ile zaidi ya hatua moja. Alikuwa katika hali hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka tisa. Nao waliposema naye, aliwajibu kwa akili na utulivu; alikuwa akisoma vitabu na magazeti, na aliweza kuzungumza habari za siasa. Alifunguliwa vyuma vile, lakini afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika, wala hakuishi sana baada ya kufunguliwa.

Habari zile zikawa moja ya sababu za Bunge la Uingereza kuweka kamati, mwaka wa 1815, ichunguze nyumba za wendawazimu. Mbele ya kamati akaitwa Thomas Monro, mganga wa hospitali. Baba yake na babu yake walikuwa waganga wa hospitali ile ile kabla yake. Akaulizwa juu ya desturi ya kuwaumika wagonjwa damu, kuwatapisha na kuwaharisha, kwa majira maalumu ya mwaka, wote kwa pamoja, bila kutazama huyu ana ugonjwa gani na yule ana ugonjwa gani. Akajibu kwamba desturi ile aliirithi kwa baba yake, wala hakujua iliyo bora kuliko hiyo. Mwaka wa 1816 akajiuzulu.

Sisi walimu jawabu hilo latuchoma, maana mara ngapi tumejibu hivyo hivyo? Twampiga mtoto kwa kuwa tulipigwa. Twamwita mjinga kwa kuwa tuliitwa wajinga. Desturi iliyorithiwa si lazima iwe mbaya, lakini kurithiwa peke yake hakuithibitishi kuwa njema.

Baada ya hayo mambo yakaanza kutengenea, ijapokuwa polepole. Mwaka ule ule wa 1815 hospitali ilihamia St George's Fields, kusini ya mto Thames. Mwaka wa 1852 akawekwa daktari William Charles Hood aishi pale pale pamoja na wagonjwa, na katika siku zake madirisha yalipanuliwa ili mwanga uingie, na vifungo vikapunguzwa. Mwaka wa 1930 hospitali ikahama tena, ikaenda Monks Orchard, kando ya London, penye miti na nafasi. Jumba waliloliacha likapunguzwa, na sehemu iliyobaki, tangu mwaka wa 1936, ndiyo nyumba ya makumbusho ya vita. Hata twajiuliza kama kuna mahali palipofaa zaidi kuweka mizinga kuliko nyumba ya zamani ya wazimu. Mwaka wa 1948 hospitali iliungwa na hospitali ya Maudsley. Hata leo yatibu wagonjwa wa akili, na jina lake ni Bethlem. Mwaka wa 2015 makumbusho yake yalifunguliwa katika jengo jingine pale pale. Na anayeingia hukutana na zile sanamu mbili za Cibber, ya huzuni na ya wazimu, zilizoondolewa zamani juu ya lango.

Basi hospitali imehama mara tatu. Imeacha pingu, imepanua madirisha, imeajiri waganga wenye elimu na wauguzi wenye upole. Neno peke yake ndilo lililokataa kuhama. Mtu aliyepona humo akarudi kwao, hukuta jina la nyumba iliyomponya likitumiwa kwa makelele ya walevi.

Sasa, wasikilizaji, msicheke mkasema, "Hayo ni mambo ya Waingereza." Sisi nasi tuna majina yetu. Kenya iko hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka wa 1910. Tanzania iko hospitali ya Mirembe, katika mji wa Dodoma. Hizo ni nyumba za tiba, na watu wengi wamepona humo. Lakini nendeni sokoni, au katika kiwanja cha mpira, mkasikilize jinsi majina hayo yanavyotupwa kama mawe. Mtu akisema jambo lisilompendeza mwenzake, huambiwa, "Huyu apelekwe Mirembe." Watu wote hucheka. Jina la hospitali liko katika njia ile ile iliyopitiwa na Bethlehemu.

Nasi hatuna haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Zamani, tulipokuwa tukifundisha shule ya msingi, tuliingia siku moja darasani tukakuta watoto wanapiga makelele. Tukapiga meza, tukasema kwa sauti kuu, "Hapa ni darasani au ni Mirembe?" Watoto wote wakacheka, na kicheko chao kikatupendeza. Mmoja tu hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya daftari, wala hakukiinua mpaka kengele ilipolia. Siku nyingi baadaye tulipata habari kwamba mama yake alikuwa amelazwa kule mwezi ule ule, na kwamba yule mtoto alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Mama alipona akarudi nyumbani. Neno letu halikurudi.

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Hakuna kati yetu ajuaye kama akili aliyo nayo leo atakuwa nayo kesho. Homa kali yaweza kuichukua, msiba waweza kuichukua, na uzee waweza kuichukua kidogo kidogo. Siku hiyo tutahitaji mahali pa kupelekwa. Hatuna budi kujiuliza kama tutaweza kupelekwa huko bila ya haya, na kama watoto wetu wataweza kulitaja jina la mahali hapo mbele ya wenzao.

Kesho yake tulirudi darasani, tukamweleza yule mwanafunzi habari hizi zote, kama tulivyowaeleza ninyi. Aliandika kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, na neno lile halitaweza kurudi maana yake ya kwanza, nyumba ya mkate?" Tukamjibu kwamba hatudhani. Bedlam limekwisha kukomaa, na Waingereza wenyewe wengi walitamkao hawaikumbuki asili yake. Lakini Mathari na Mirembe bado ni majina ya hospitali. Hayajakomaa kuwa matusi katika kamusi. Kamusi hazitungwi na wenye kamusi. Hutungwa na vinywa vya watu, nao wenye kamusi huandika tu walichokisikia. Yale yatakayoandikwa juu ya majina hayo baada ya miaka mia, sisi ndio tunaoyasema leo.